Wageni wa kijiwe cha Yijing, someni hapa kabla hamjafungua mdomo

Wadogo zangu karibuni sana kwenye Yijing, kitabu cha kale cha Wachina cha kubashiri chenye heksagramu 64, yaani alama za mistari sita, kila mstari ama mzima (yang) ama uliokatika (yin), ila jana nimevumilia nikachoka. Tena mtu kaja na povu kwamba Leibniz, yule mwanahisabati Mjerumani, kaiba baineri (kuandika namba kwa 0 na 1 tu) kwa Wachina, na wenzake wanapiga makofi. Kila muhula lazima atokee mmoja. Basi naandika mara moja, yaishe.

1. Tarehe kwanza. Leibniz ana andiko la baineri la mwaka 1679. Mchoro wa heksagramu alitumiwa na Bouvet, yule Mjesuiti wa Beijing, mwishoni mwa 1701, ukamfikia 1703. Hesabu alikuwa nayo zamani, kilichomfurahisha ni kuona 0 na 1 zake kwenye mistari aliyoamini ni ya Fuxi, mfalme wa hekaya za kale za China. Na hapo kapigwa chenga, maana mpangilio ule ni wa Shao Yong, msomi wa karne ya 11, enzi za utawala wa Song. Mpangilio wa Mfalme Wen, ule wa kwenye kitabu tunachosoma, haufuati baineri kabisa, unaenda kwa jozi: pindua heksagramu juu chini upate mwenzake, na zile 8 ambazo hata ukipindua ni zilezile, unageuza kila mstari. Watu wa simetria wakianza na hizo 8 hatulali, kwa hiyo twende.

2. Heksagramu unaipata kwa kura, ama ya kurusha sarafu tatu ama ya kugawa vijiti: msiseme sarafu na vijiti ni kitu kimoja. Hili ni langu mwenyewe na bado linaniuma. Kulikuwa na dada mmoja wa falsafa, mpole, akasema kura ya vijiti lazima ipendelee yin itulie na yang ihame (yaani mstari ugeuke kuwa kinyume chake), kwa sababu ndivyo kitabu chenyewe kinavyoziona. Mimi mtu wa hesabu nikacheka. Nikamwambia hiyo imani, lete namba. Nikaandika programu, nikarusha njia zote mbili, heksagramu 64 zote zikatoka karibu sawa, nikachora grafu, nikaitundika kwenye grupu na vile vikatuni vya kucheka, watu wakashangilia, na mimi nikazidi kuvimba kichwa maana nani anabishana na grafu. Yeye akauliza swali moja tu: "Kaka, umehesabu na mistari inayobadilika?" Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimeangalia heksagramu inayotoka mwanzo, kabla mistari haijahama, basi, na hapo kweli yin na yang ni nusu kwa nusu kwa njia zote mbili. Nikaenda kufanya kwa mkono, vijiti 50, kimoja pembeni, 49 unagawa, unatoa nne nne, na jibu likanikodolea macho: 6 (yin inayohama) ni 1/16, 7 (yang iliyotulia) ni 5/16, 8 (yin iliyotulia) ni 7/16, 9 (yang inayohama) ni 3/16. Sarafu tatu, kwa mpangilio huohuo, zinatoa 1/8, 3/8, 3/8, 1/8. Yaani kwa vijiti yang inahama mara tatu zaidi ya yin, kwa sarafu zinahama sawasawa. Alichosema yule dada, neno kwa neno, na namba zilizomthibitisha ni zangu mimi. Nilikaa nalo kimya muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mzima, nikisubiri grupu lisahau, na yeye akawa haji tena. Kumwomba radhi nilimwomba, ila faraghani, wakati kumcheka nilimcheka mbele ya watu.

3. Kodoni za DNA (vikundi vya herufi tatu tatu za kijenetiki) nazo ni 64, tunajua, ni 4 mara 4 mara 4 tu, kaa chini. Jung, yule mwanasaikolojia, msomeni baada ya kitabu chenyewe. Fizikia ya kwanta iacheni mlangoni na viatu. Utaratibu wa vijiti tunaotumia ni alivyoupanga mwanafalsafa Zhu Xi karne ya 12, msiseme ni wa enzi za kale za Zhou.

4. Wa Pwani mkiona mistari hii mnakumbuka ramli, na kwa umbo mko sahihi: alama 16, kila moja safu nne, nukta moja au mbili. Msikimbilie kusema imetoka China, kufanana si ukoo. Ila ina hesabu tamu kuliko mnavyodhani. Alama nne za kwanza, mama wanne, zinatoka kwa kura, mabinti wanne ni mama haohao wakisomwa kwa upande, halafu unajumlisha alama mbili mbili, safu kwa safu, jumla ikiwa witiri (isiyogawanyika kwa mbili) unaweka nukta moja, ikiwa shufwa (inayogawanyika) unaweka mbili, mpaka umfikie hakimu, alama ya mwisho. Hakimu huyo jumla ya nukta zake daima ni shufwa, kwa hiyo kati ya alama 16 ni 8 tu zinazoweza kukaa kitini pake. Kwa nini? Nishawapa nusu ya jibu kwenye mabinti. Alhamisi mtu aje na uthibitisho kwenye karatasi, na nikiona programu badala ya uthibitisho naichana.