Kabla hujasaini kuondoka "kwa hiari"

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusikia. Unasema kampuni yenu huko Kolwezi imebandika tangazo kwamba inapunguza watu, na kwamba atakayejiandikisha mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi atapewa miezi minne ya mshahara, kitita kimoja cha kufuta kila kitu. Unauliza usaini au usubiri. Tena unauliza kwa nini wazee wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliosaini kuondoka mwaka 2003 hadi leo wanasimulia kazi yao kwa uchungu, ilhali walipokea dola mkononi. Maswali hayo yanakwenda pamoja, na nitaanza na la wazee.

Gécamines ilirithi nyumba ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, serikali ikaichukua tarehe 1 Januari 1967. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliona hasara ya kuajiri watu wapya kila baada ya miezi michache, ikaamua kumkalisha mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto. Ndipo zikaja nyumba za kampuni, hospitali, shule, foyer (vituo vya mafunzo) za kina mama, na mposho, yaani mgao wa chakula, wa kila mwezi. Watu wa hapa walisema kazi njo baba, kazi njo mama, na walisema kweli tupu: kampuni ndiyo iliyolisha, ikatibu, ikasomesha. Fedha taslimu zilikuwa sehemu ndogo tu ya kile mtu alichopata kwa jasho lake.

Kisha shimo likafunguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uporaji wa 1991 ukafuata, halafu ndugu zetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa Katanga, wakiwemo mafundi ambao viwanda viliwategemea. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Mishahara ikaanza kuchelewa, mwishowe ikawa deni la miezi na miezi. Mwaka 2003 ikaletwa Opération Départs Volontaires, mpango wa kuondoka kwa hiari, ile tunayoiita ODV, kwa fedha za Benki ya Dunia. Waliolengwa ni wenye miaka 25 ya kazi na kuendelea, na walioondoka ni 10,655.

Angalia mtu wa namna hiyo alikuwa wapi siku ya kusaini. Anadai mishahara asiyojua kama italipwa. Ana madeni ya duka na ya karo. Anaambiwa fedha ipo sasa, kesho haijulikani. Hesabu imeletwa ikiwa tayari imefanywa na upande wa pili. Karatasi hiyo iliitwa ya hiari, na wengi waliosaini walianza baadaye kudai kwamba walilipwa pungufu sana ya haki zao kisheria. Lakini kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ndilo linalokuhusu wewe: kitita kilihesabu fedha, na maisha yao hayakuwa yamejengwa juu ya fedha. Hospitali, nyumba, shule, unga, vyote vilikuwa malipo ya kazi, ila havikuwahi kuandikwa kwenye fishi, yaani karatasi ya mshahara, kama malipo. Kwa hiyo mzee anapokusimulia mposho na hospitali ya kampuni, usidhani anakumbuka ujana tu. Anakutajia vitu ambavyo hakuna aliyemhesabia.

Sasa tuje kwako. Kabla ya kuuliza kama miezi minne ni mingi, hesabu kwanza sheria ingekupa nini kama wangekuachisha wao wenyewe. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inasema preavi, yaani notisi ya kuachishwa, kutoka kwa mwajiri haipungui siku 14 za kazi, na inaongezwa siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima uliotumika mfululizo. Wewe una miaka 12. Saba mara 12 ni 84, ongeza 14, unapata siku 98. Siku za kazi zinahesabiwa Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo mwezi una siku 26. Mshahara wako ni dola 520, gawa kwa 26, ni dola 20 kwa siku. Preavi yako peke yake ni dola 1,960.

Ongeza likizo usiyochukua. Kima cha chini ni siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima, pamoja na siku moja ya ziada kwa kila miaka mitano ya ukongwe kwa mwajiri yuleyule. Tangu likizo yako ya mwisho imepita miezi saba, yaani siku saba, dola 140, hata kabla ya kugusa sehemu ya ukongwe. Jumla tayari ni 2,100. Na wao wanakupa 520 mara nne, dola 2,080, eti zawadi ya kuondoka vizuri. Unaona mwenyewe. Hiyo "zawadi" haijafika hata kwenye deni.

Na hapo nimetumia mshahara mtupu. Kwa sheria, rémunération, yaani malipo ya kazi, inabeba pia primu (bonasi), saa za ziada, gratifikasyo (zawadi) ya mwisho wa mwaka na thamani ya vitu unavyopewa badala ya fedha. Kama mnapewa mfuko wa unga kila mwezi, bei yake iingie. Zisizoingia ni matibabu, nyumba au posho ya nyumba, posho ya usafiri, na alokasyo (posho) za familia zilizowekwa na sheria. Basi hizo zisizoingia kwenye hesabu ndizo za kuzidai kwa maneno wakati wa mazungumzo: familia iendelee kutibiwa kwenye kliniki yao kwa miezi kadhaa, watoto wamalize mwaka wa shule, nyumba isirudishwe wiki hiyohiyo. Yaandikwe kwenye karatasi ile ile ya makubaliano. Ahadi ya mdomo ya ofisi ya wafanyakazi huisha siku anapobadilishwa mkuu wa ofisi.

Kwa nini wanapenda neno "hiari"? Kwa sababu kuachisha kuna gharama na kuna mashahidi. Sheria inataka sababu halali, iwe uwezo wako, mwenendo wako, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Wakikuachisha bila sababu halali unaweza kudai kurudishwa kazini au fidia, na fidia inaweza kufika miezi 36 ya malipo yako ya mwisho. Wakitaka kupunguza watu kwa mahitaji ya uendeshaji, wanapaswa kuwaandikia wawakilishi wa wafanyakazi angalau siku 15 kabla na kumjulisha inspekteri wa kazi, na kufuata mpangilio unaotazama ujuzi, ukongwe na mzigo wa familia. Kuachisha watu wengi kwa mkupuo kunahitaji ruhusa ya Waziri wa Kazi. Mfanyakazi anaposaini kwamba ameomba mwenyewe, milango hiyo yote inafungwa kwa wino wake. Sisemi kila départ volontaire, kuondoka kwa hiari, ni mtego. Inayolipa vizuri kupita sheria, kwa mtu aliye na mahali pa kwenda, ni jambo jema. Lakini ni lazima ipite sheria, na kwa kiasi kinachoonekana.

Sababu zao huenda ni za kweli, usizikatae kwa hasira. Kazi za Katanga zimefuata bei ya madini siku zote. Mwaka 2008 shaba ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu 3,000 katika nusu mwaka. Migodi ya Mutanda ilisimamishwa mwishoni mwa 2019 kobalti iliposhuka bei. Februari 2025 serikali ilisimamisha kusafirisha kobalti nje, na tangu Oktoba mwaka huo kila kampuni ina kiwango chake cha kusafirisha. Waambieni delege wa sendika, wajumbe wa chama cha wafanyakazi, waombe takwimu za kitengo chenu: kama uzalishaji hauendi chini na nafasi zenu zinajazwa na watu wa kampuni ndogo kwa mshahara mdogo, basi hayo si mahitaji ya uendeshaji, na lazima yasemwe mbele ya inspekteri.

Hapo nakuomba uangalie kontra yako, mkataba wa kazi: jina la mwajiri ni la nani? Huko migodini wengi huvaa kofia ya kampuni kubwa ilhali mwajiri wao ni kampuni ya sous-traitance, ile ndogo inayofanya kazi kwa niaba ya kubwa. Unayemdai ni yule aliye kwenye kontra. Na kama kampuni ilibadilisha jina au kuuzwa, miaka yako haianzi upya. Kontra zilizokuwepo siku ya mabadiliko zinaendelea na mwajiri mpya. Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi katika dekonti yako, hesabu ya mwisho ya malipo, kwa kuwa wao wataandika tarehe ya jina jipya. Ukikubali miaka 7 badala ya 12, preavi inashuka kutoka siku 98 hadi 63. Dola 700 zimekwenda kwa tarehe moja.

Rafiki yako uliyemtaja, yule wa kontra ya muda, hesabu yake ni nyingine. Kontra ya muda haipiti miaka miwili na hufanywa upya mara moja tu. Ikiendelea zaidi ya hapo, inakuwa ya muda usiojulikana, naye ana preavi kama wewe. Wakimkatiza kabla ya tarehe bila kosa kubwa, adai malipo ya muda uliobaki.

Kabla ya kwenda kuzungumza, kusanya karatasi zako uzitoe kopi, uziache nyumbani: kontra na kila nyongeza yake, fishi za mshahara za miezi 12 ya mwisho, kadi ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), barua za kupandishwa cheo, karatasi za likizo. Ukifungiwa geti siku hiyo, vilivyo kwenye kabati la kazini havirudi upesi. Nenda CNSS mwenyewe uombe orodha ya michango iliyotangazwa kwa jina lako. Kwenye fishi unakatwa asilimia 5. Mwajiri naye analipa 13. Kukatwa si kulipiwa. Pensheni ni kuanzia miaka 60 na inataka miezi 180 ya michango, nawe ukiwa na 144 kila mwezi usiotangazwa ni mwezi utakaoutafuta uzeeni. Angalia pia jina limeandikwa sawasawa na kwenye kadi ya uraia. Herufi moja tu inatosha kusimamisha faili.

Omba uchunguzi wa afya wa kuondoka, ukiwa bado mfanyakazi wao. Picha ya mapafu, kipimo cha masikio, damu. Umekaa kwenye kiponda mawe miaka mingi, vumbi na kelele huonekana baadaye, na bila matokeo ya siku ya kutoka itakuwa shida kuthibitisha ugonjwa ulitoka wapi. Kopi ya matokeo ibaki kwako. Tafadhali hili usilipuuze.

Siku ya dekonti usisaini papo hapo. Ipeleke nyumbani, ipitie mstari kwa mstari na kalkuleta. Tazama hasa mkopo wa benki uliopitia mshaharani, maana mara nyingi hukatwa wote kwa mara moja, na tazama kiwango cha kubadilisha dola kwa faranga. Ukilazimika kupokea fedha ambazo hukubaliani nazo, andika kwa mkono juu ya saini yako "sous réserve de tous mes droits", yaani bila kupoteza haki zangu zote, na tarehe, kisha upige picha. Malipo yanayobaki yanapaswa kutoka ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuacha kazi, pamoja na attestation de fin de service, cheti cha kumaliza kazi, inayoonyesha ulianza lini, ulimaliza lini na ulifanya kazi gani. Bila hiyo mwajiri mwingine atakuona kama mtu anayeanza leo.

Wakikuachisha na kukutaka uendelee kufanya kazi muda wa preavi, una haki ya siku moja kila wiki, yenye kulipwa, ya kutafuta kazi nyingine. Itumie.

Mkishindwa kuelewana, huwezi kuruka moja kwa moja mahakamani. Unaanza kwa inspekteri wa kazi. Anaita pande zote mbili, na mkikosa kupatana anaandika PV ya non-conciliation, hati ya kwamba hamkupatana. Hiyo PV ndiyo tikiti ya Mahakama ya Kazi. Usikae na shauri moyoni: madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja, mengi ya mengine yanayotokana na kontra baada ya miaka mitatu.

Jibu langu basi: usisaini miezi minne. Nendeni kwa delege mkiwa kundi, mkiwa na hesabu iliyoandikwa, mseme preavi na likizo ni deni na zilipwe kando, halafu kitita cha kuondoka kijadiliwe juu yake. Mimi kwako ningetaka isipungue miezi sita juu ya haki zote, na matibabu ya watoto hadi mwisho wa mwaka wa shule. Wakikataa, subiri waandike barua yao wenyewe.

Nitumie picha ya ukurasa wa kwanza wa kontra na fishi tatu za mwisho, nione hiyo tarehe ya kuanza kazi kabla ya Jumatatu. Nisalimie mkwe wangu na wajukuu.

Mama yako