Ukimwona mjamzito, uliza na kikohozi

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia. Mtaa wao umemchagua kuwa mhudumu wa afya ya jamii, ana mwezi mmoja tu kazini, na tayari nyumba mbili zimemfungia mlango. "Dada, wewe umewezaje miaka yote hii? Sitaki kina mama wa kwetu wafe kwa kukosa huduma." Ujumbe wake nimeusoma mara tatu. Nami nilianza hivyo hivyo huku Likoni mwaka 2014, na daftari la shule na kalamu, kabla ya mikoba yenye mashine za presha tuliyopewa 2023.

Nitakujibu, mdogo wangu, kwa kisa ambacho sijawahi kukiandika.

Mwaka 2016 nilikuwa na mjamzito Mtongwe, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi mmoja katikati, kila chumba na familia yake. Nilijivunia yule mama. Kliniki hakukosa hata mara moja. Nilikuwa nikifika nakagua kitabu chake, nauliza kama mtoto anacheza, natazama miguu kama imevimba, nauliza vidonge vya kuongeza damu, natia alama zangu naondoka. Kukohoa, alikuwa akikohoa. Mavyaa wake akasema ni baridi ya kusi, anampa tangawizi na asali. Kukonda, tukasema mimba imemchosha. Jasho la usiku, nani Mombasa asiyelala na jasho? Kila dalili ilipewa jina jingine, na mimi niliyepewa mafunzo nikayapokea majina yote.

Huko kliniki nako walimpima presha, mkojo na uzito, kifua hakuna aliyekiuliza. Chumba cha TB, yaani kifua kikuu, kilikuwa ng'ambo ya ua, hata hatua 30 hazifiki kutoka benchi la wajawazito. Alijifungua salama. Mtoto alipotimiza miezi mitatu akashikwa na homa isiyoisha, akaacha kuongeza uzito. Kifua kikuu kilipogunduliwa, kwa mama na kwa mwana, kwa mtoto kilikuwa kimeshapanda kichwani. Tulimzika Ijumaa. Mavyaa alinishika mkono pale makaburini. "Mwanangu, si ulikuwa ukija kila mwezi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Tangu siku ile, nikiingia nyumba yenye mjamzito au mtoto mchanga, swali langu la kwanza ni kikohozi. Si chake peke yake. Namuuliza kila anayelala chumba kile.

Ndivyo nilivyompata mama mwingine mwaka jana, mimba ya miezi minane, kikohozi cha wiki tatu. Nilimpandisha tuktuk mwenyewe hadi kliniki. Nilisimama naye uani, mahali penye upepo, nikamwelekeza jinsi ya kutoa makohozi ya kupimwa: sukutua kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili, kohoa kutoka ndani kabisa. Mara ya kwanza kopo lilipata mate tu. Nikamwambia tusubiri. Mara ya pili yakatoka makohozi yenyewe, mazito, ya manjano, na majibu yalipokuja ilikuwa TB.

Nikamweleza mapema kwamba kwa dawa hizi mkojo utageuka rangi ya machungwa. Usipuuze hili. Wapo wanaotupa vidonge siku ya pili wakidhani wanakojoa damu. Nikamweleza pia kwamba dawa hizi mjamzito anazitumia, katika hospitali za serikali hazilipiwi, na kunyonyesha atanyonyesha. Mtoto alipozaliwa, chanjo ya BCG, ile ya kukinga TB, ilisogezwa mbele, akaanzishiwa kwanza dawa za kinga. Kakake wa miaka minne naye akapimwa, akapewa zake, vile vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kuvitumia kutibu watoto, mwaka 2016. Mwaka ule ule, na mimi nilikuwa nahesabu vidonge vya damu!

Miezi sita si mchezo. Mwezi wa pili alipata nafuu akataka kuacha, tukavutana. Alhamisi iliyopita amemeza dozi ya mwisho. Mtoto ananona, ana mapaja ya kushikika.

Sasa milango yako miwili. Usisimame ukumbini ukataja TB, wapangaji wote wanasikia, na ukishatoka wanamtengea yule mama kikombe. Ingia ukae. Muamkie bibi mkubwa wa nyumba kwanza, msikilize na tangawizi yake, usiidharau, kisha uliza kikohozi. Akikwambia hapana, mwezi ujao uliza tena. Fungua dirisha ukiwa humo ndani, waone kwamba upepo ukiingia hewa inabadilika. Na ninyi manesi wa kliniki, swali hili halihitaji mashine wala bajeti. Muulizeni kila mjamzito kabla hajapanda mizani. Msiseme foleni ni ndefu. Hata siku ile ilikuwa ndefu.

Daftari la 2016 bado ninalo, dada. Siku ukivuka feri, pitia kwangu nikuonyeshe ule ukurasa: kliniki alama, vidonge alama, miguu alama, na kikohozi sikukichorea hata safu.