Ukitaka Kuadhimisha Kura Tatu, Anza na Kamba

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia wiki hii: "Kaka, nimeona picha za shughuli yenu ya Tabora ya kukumbuka kura tatu. Na sisi tunataka ya kwetu. Tuanzie wapi, na mgeni rasmi tumwite nani?" Nilipofika kwenye mgeni rasmi nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Kidonda hakijakauka.

Mwaka juzi nilijaribu mara ya kwanza. Wazo lilikuwa zuri, wala sioni haya kujisifu. Januari 1958, hapa hapa mjini kwetu, TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikaa kuamua: tuingie uchaguzi wa kura tatu au tususe? Mkoloni alikuwa ametega. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukimwacha mmoja, karatasi yako imeharibika. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawageuza, na mpaka leo tunauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akajitoa na kuanzisha chama chake.

Nikajiambia jambo zito namna hiyo lazima lifunguliwe na mkubwa. Nikamwalika kiongozi mmoja, jina lake tuliache. Alikubali kwa simu, akathibitisha mara mbili. Nikakodi turubai, viti 150, spika, na keki (keki ya nini, hata leo sijui). Shughuli ilikuwa ianze saa nne asubuhi. Saa saba mvua ikashuka, turubai likajaa maji katikati kama tumbo la ng'ombe, watu wakaondoka mmoja mmoja na matobolwa (viazi vitamu vikavu) mfukoni. Saa tisa ukaja ujumbe: "Nimepata dharura, endeleeni." Nikasimama nikaisoma hotuba yake, niliyomwandikia mimi mwenyewe, mbele ya watoto wa jirani na viti vitupu. Nilifika hadi ukurasa wa mwisho. Ukaidi tu.

Mwaka huu sikumwita mkubwa yeyote. Tulifunga kamba ya katani mlangoni, na kila aliyefika akapewa kadi ya mtu wa 1958. Mkulima wa tumbaku, darasa la nne. Karani, darasa la nane. Mwenye duka, kipato pauni 150 kwa mwaka. Sharti la wakati ule lilikuwa hilo: miaka 21, na juu yake kipato hicho, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mwenye sifa alipita akakaa kivulini. Asiye nazo alibaki nje ya kamba, juani.

Mama mmoja muuza vitumbua alipata kadi ya mkulima. Akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna maelezo mengine, akaniangalia. "Kwa hiyo mimi sipigi?" Nikamwambia hupigi, mama. "Na huyu?" Mwanawe, kidato cha pili, alikuwa amepata kadi ya karani na tayari ameshika soda. Mama hakucheka. Alisimama pale kwenye kamba karibu nusu saa, akihesabu kwa sauti waliopita. Mwaka juzi hotuba nzima haikumgusa mtu hata mmoja hivyo.

Ndani tuliweka masanduku matatu: la Mwafrika, la Mzungu na la Mwasia. Kijana mmoja akatumbukiza mawili akaondoka. Tukaichana kura yake mbele ya watu, kelele zikazuka. Hapo ndipo wakaelewa kwa nini TANU, chama cha Waafrika watupu wakati ule, kiliwaunga mkono kina Derek Bryceson, Mzungu, na Sophia Mustafa, Mwasia: masanduku mengine mawili yasingejijaza yenyewe. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Februari 1959, na uliofuata, Agosti 1960, TANU ikachukua viti 70 kati ya 71.

Sasa ushauri, dada. Taarifa ya maandishi ifike polisi saa 48 kabla, na mwenyekiti wa mtaa ajue mapema, maana likitajwa neno kura kuna watakaodhani ni kampeni. Sare za chama chochote ziachwe nyumbani. Michango ni michango, mnaijua. Wazee wafuateni kwao: aliyekuwa na miaka 21 mwaka ule leo anakaribia tisini, usimpandishe jukwaani juani. Na usimsubiri mgeni rasmi. Narudia, usimsubiri. Sisi vijana tunalalamika kwamba hatukufundishwa historia yetu, tukiipata tunaikabidhi kwa mtu ambaye hajaisoma, aje aisome kwenye karatasi tuliyomwandikia. Tuache hiyo tabia. Nasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa nayo.

Kamba ninayo bado, mita kumi hivi. Ukiitaka nitaipakia kwenye basi, ila irudi kabla ya Januari. Mama wa vitumbua ameshasema mwakani mlangoni anakaa yeye.