Maswali Yenu: Milimita za Nani?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa maabara hapa Kisumu. Nilichemsha majani ya mpera, nikayapima dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus kwa viduara vya karatasi vilivyolowekwa humo. Eneo lililozuiwa, yaani duara wasimoota bakteria, lilikuwa na kipenyo cha milimita 9. Mwenzangu aliloweka yake kwa ethanoli, akapata 15. Je, ethanoli ndiyo bora? Na mbona bakteria E. coli haikuguswa?

JIBU: Kwanza muulize mwenzako kama alikausha karatasi zake. Ethanoli yenyewe inaua bakteria, kwa hiyo karatasi ikiwekwa ingali imelowa, baadhi ya zile milimita si za mpera. Nawe kumbuka karatasi pekee ina kipenyo cha milimita 6. Umepata moja na nusu kila upande.

Rudieni kazi. Kausheni majani kivulini mpaka yavunjike vidoleni, myasage, mloweke gramu 50 katika mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 48, mkitikisa. Chujeni, kisha mvukizeni kwa joto lisilozidi nyuzi 40 hadi kibaki kitu kinachonata kama lami, yaani dondoo. Hicho ndicho cha kupima kwenye mizani. Maji uliyochemshia nayo yakaushwe vivyo hivyo, la sivyo mnalinganisha uji mzito na mwepesi. Kila sahani iwe na karatasi ya kiyeyushi kitupu, iliyokaushwa, na ya antibiotiki ya gentamisini mikrogramu 10, za kulinganishia. Agari ya Mueller-Hinton, ile jeli ya kuoteshea bakteria, iwe na kina cha milimita 4. Ikizidi, duara husinyaa.

Hata hivyo, mimi duara silitegemei sana. Tanini za mpera, zile kemikali zenye ukakasi, ni molekuli kubwa, husafiri polepole ndani ya agari. Afadhali mzimue dondoo nusu kwa nusu kwenye mchuzi wa kuoteshea, mtafute kiwango cha chini kinachozuia bakteria. Rangi ya majani ikificha weupe unaoonyesha bakteria wameota, ongezeni rangi ya resazurini: palipo na bakteria hai hugeuka waridi, walipozuiwa hubaki buluu.

E. coli ina utando wa nje ambao Staphylococcus haina, na dondoo nyingi za mimea hukwama hapo.

SWALI: Napima antioksidanti za mimea kwa DPPH, kemikali ya zambarau inayofifia ikikutana nazo, hapa Nakuru. Mbona majibu ya asubuhi na jioni hayafanani?

JIBU: Mwanga unaiharibu DPPH. Itengeneze siku ileile, ufunike chupa kwa foili, uache mchanganyiko gizani dakika 30 ndipo usome kwenye nanomita 517. Soma pia dondoo bila DPPH, uitoe rangi yake kwenye hesabu.