Maswali ya wasomaji: Kodi ya magari itaondoa foleni ya Mkuyuni?

SWALI: Naishi Buhongwa, Mwanza, kila asubuhi napanda daladala kwenda mjini. Tukifika Mkuyuni tunatambaa, na magari madogo mengi yana mtu mmoja tu. Kwa nini wenye magari wasilipe kodi ya mwaka, hela zikanunua mabasi?

JIBU: Kodi ya mwaka ilikuwepo. Ada ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, badala yake zikaongezwa Sh40 kwa kila lita ya mafuta. Hata ikirudi haitakusaidia Mkuyuni, maana mtu akishalipia mwaka mzima ndiyo kwanza anataka kulifaidi gari lake.

Tozo ya mafuta nayo haijui saa. Gari dogo linalokwenda mjini na kurudi, tuseme kilomita 25 kwa lita mbili na nusu, linachangia Sh100 katika hizo Sh40. Ni hizohizo, uwe umeingia saa moja asubuhi au saa nane mchana. Hiace inayomaliza lita 30 kwa siku inachangia Sh1,200, na wanaozilipa ni nyinyi abiria.

Tozo inayogusa foleni ni ya kuingia mjini saa za msongamano. Stockholm, Sweden, waliijaribu kuanzia Januari hadi Julai 2006: bei ilipanda asubuhi na jioni, usiku ilikuwa bure. Magari yanayoingia yalipungua kwa takriban asilimia 20. Jaribio lilipokwisha mengi yakarudi, na tozo ikarejeshwa 2007. Ila mabasi ya nyongeza yalitangulia, tangu Agosti 2005. Kugeuza mpangilio huo ni kumtoza mtu huku huna pa kumpandisha.

Mwanza, mawe na ziwa vimetuachia njia kuu chache za kuingilia: Barabara ya Kenyatta kutoka Nyegezi, ya Nyerere kutoka Igoma, na ile ya Uwanja wa Ndege. Kamera za kusoma namba za magari zingetosha kuanzia hapo, mradi vichochoro vya kukwepea vihesabiwe mapema. Na sheria itaje wazi hela ziende wapi. London, iliyoanza kutoza 2003, inabanwa na sheria kutumia faida yake kwenye usafiri.

SWALI: Hela za tozo zikipatikana, tununue mabasi mangapi?

JIBU: Msianze na mabasi, anzeni na hesabu, yaani hela ambayo dereva lazima ampelekee mwenye gari kila siku. Dereva anayedaiwa hesabu hawezi kuondoka na viti vitupu. Atasubiri ajaze, atakatisha ruti abiria wakipungua, na jioni atakimbiza kufidia. Ukimpa kosta mpya kwa utaratibu huohuo, utakuwa umenunua kosta ya kusubiri. Mfuko wa hela za tozo umlipe mwenye gari kwa kila safari iliyoondoka kwa saa yake, dereva na kondakta wawe na mshahara, nauli yote iingie mfukoni mle.

Kisha vituo. Kosta ina urefu wa karibu mita saba. Kituo cha kosta mbili kinataka zaidi ya mita 15 zilizonyooka nje ya njia, mbali na mishazari ya kuingilia na kutokea. Kikiwa kifupi, ya pili huacha mkia barabarani na kila kilicho nyuma kinasimama. Bajaji wapewe sehemu yao pembeni kabla ya siku ya kwanza, kwa sababu kituo kipya kilicho wazi hugeuka kijiwe ndani ya wiki.