Kabla Hujanunua Povu kwa Nyumba ya Ufukweni

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja anayefanya kazi Muscat, mwenye kiwanja Kimbiji, pwani ya Kigamboni, akiniuliza kama ajenge kwa zege lenye kihami joto, yaani povu linalozuia joto lisipite, kama nilivyojenga mimi hapa Mbweni, Dar es Salaam. Ameona picha za kuta zangu, amesikia kwamba siku hizi uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, hukaa muda mrefu nyumbani kwangu, na ameshapewa bei. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake limenirudisha mbali, na kwa kuwa najua wako wengi wanaodunduliza kwa ndoto hiyo hiyo ya kulala wakisikia mawimbi, naona nieleze yote.

Nyumba yangu ya kwanza niliimaliza mwaka 2009, ghorofa moja ya tofali za inchi sita, chini ya fundi aliyekuwa ndugu wa familia. Mchanga ulichotwa ufukweni, nami niliuona ukishushwa nikafurahia kuokoa nauli ya lori. Mwaka 2016, usiku mmoja wa mwezi Machi, kipande cha zege cha ukubwa wa sinia kilibanduka chini ya slabu na kuanguka kati ya kitanda cha binti yangu na kabati lake. Asubuhi nilipanda ngazi na kuigusa nondo iliyoachwa wazi: ilikuwa imevimba, inatoka magamba membamba ya kahawia yaliyosagika vidoleni kama jani kavu. Chumvi ya mchanga ule ilikuwa imeuvunja utando mwembamba unaokikinga chuma ndani ya zege, na kutu, ambayo hudai nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalipasua zege kutoka ndani. Fundi aliniambia kwamba hayo ni mambo ya Mungu. Hatujakaa mkeka mmoja tangu siku hiyo, na sifichi kwamba bado inaniuma.

Nyumba ile ilikuwa na kasoro nyingine ambayo sikuielewa kwa miaka mingi. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo kila mtu huweka sebule na vioo vikubwa upande wa bahari, na vyumba vya kulala huishia nyuma, upande wa magharibi. Jua la alasiri huzipiga kuta hizo za nyuma kuanzia saa nane hadi magharibi, tofali hulinywa joto lote polepole, kisha hulirudisha chumbani saa mbili na saa tatu za usiku, wakati watoto wanapokwenda kulala. Tulikuwa tukiwasha viyoyozi viwili mpaka alfajiri ili kupambana na jua lililokwisha kuzama.

Habari za kubomoa, mikopo na vibali nitaziruka. Nyumba ya pili, hii ya zege lenye kihami joto, niliianza mwaka 2019. Fomu, yaani kalibu za kumiminia zege, za povu gumu jeupe, lile lile la maboksi ya kusafirishia samaki, hupangwa kama tofali zenye uwazi katikati. Ndani husimamishwa nondo, zege humiminwa, na povu hubaki humo daima, sentimita 6 nje na sentimita 6 ndani, likilibana zege la sentimita 15. Sentimita moja ya povu hilo huzuia joto kuliko sentimita 30 za zege, na hapo ndipo ilipo siri yote. Shemeji yangu aliiita nyumba ya maboksi mbele ya wageni wa arusi. Nilinyamaza, ingawa maneno yale nilikwenda nayo kitandani.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Siku ya kumimina ukuta wa magharibi nilikwenda msibani Bagamoyo nikawaachia mafundi kazi. Zege la kuta za namna hii linatakiwa kumiminwa kwa awamu za mita moja hivi, tena lisindiliwe kwa vaibreta, ile mashine ya kulitikisa, kwa sababu likimwagwa lote kwa pamoja fomu huweza kupasuka, na lisiposindiliwa hubakiza mapango. Kwenye ukuta wa kawaida ukifungua mbao unayaona. Hapa fomu haifunguliwi, povu huficha kila kitu. Majuma mawili baadaye fundi umeme alikuwa akikata povu apitishe bomba la nyaya, akaniita. Mkono wake uliingia ndani ya ukuta mpaka kifundoni, na ncha za vidole zikagusa nondo tupu. Tuligonga ukuta mzima kwa nyundo, shubiri kwa shubiri, tukisikiliza panapolia kwa uwazi, tukafungua sehemu tatu na kuzijaza upya. Ndugu msomaji, siku ya zege usiende popote. Simama pale mwenyewe, hesabu awamu, sikiliza vaibreta, hakikisha zile biskuti za zege zinaishika nondo katikati ili ifunikwe na zege la sentimita 5 kila upande, na maji yawe matamu na mchanga wa mto.

Leo nina kipimajoto. Mwezi Februari, saa kumi jioni, lipu ya nje ya ukuta wa magharibi ilifika nyuzi 43, na uso wa ndani wa ukuta huo huo ulikuwa nyuzi 29. Kiyoyozi kimoja huwashwa saa tatu usiku na kuzimwa saa sita, na chumba hukaa na ubaridi wake hadi adhana ya alfajiri. Najivunia jambo hili na sioni haya kulisema.

Lakini povu hulipa pale tu unapofunga mlango na kupoza hewa. Sebule yangu haina povu hata kipande. Ina baraza pana, madirisha yanayotazamana, na inapokea kaskazi mwezi Januari na kusi mwezi Julai bila kulipia. Watu wanaofunga nyumba nzima kwa povu na vioo visivyofunguka wananunua kiyoyozi cha maisha. Wazee wa Bagamoyo walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakazipaka chokaa nyeupe na kuweka baraza kivulini, walijua kinachotangulia. Anza na paa, kwa maana bati tupu huleta joto jingi kuliko ukuta wowote, kisha kivuli cha magharibi, kisha ndipo ufikirie povu la vyumba vya kulala. Na povu lisiachwe wazi: huwaka, na mchwa hulitoboa, hivyo lipu ni lazima. Wala tusiliite jengo la kijani kwa sababu ya povu peke yake, maana saruji inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu duniani. Kila ukuta usiohitajika ni hasara kwa wote.

Kwa dada wa Kimbiji nina neno zito zaidi. Mchoro alionitumia unaweka baraza yake hatua arobaini kutoka majini, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60. Nimemsihi asitume fedha ya povu kwanza. Siku ya bamvu, maji yanapojaa sana, la mwezi mpevu ujao nitavuka daraja la Kigamboni na futikamba yangu, na kaka yake atashika ncha ya pili pale maji yatakapoishia.