Gemu ya zamani ukiitengeneza upya, uguse nini?

Ndugu, umeuliza ubadilishe kiasi gani ili wakongwe wasikulaani na wageni wasiikimbie. Mimi ningeanza kwingine: kila usumbufu uliokuwamo, ulikuwa na kazi gani?

Chukua Resident Evil 2 ya 1998, gemu ya kutisha ya mazombi. Kamera zilikaa mahali pamoja, ukifika kwenye kona husikii ila mguno wa zombi usiyemwona. Toleo la 2019 lilihamishia kamera nyuma ya bega, na hofu haikupotea. Kwa nini? Watengenezaji waliielewa kazi ya kamera ile, yaani kukuficha kilicho mbele, wakaikabidhi kwa giza na tochi. Mazombi yakawa hayafi upesi, na lile jitu linalokuwinda unasikia nyayo zake kabla hujaliona. Taipureta ya kuhifadhia mchezo ilibaki. Utepe wa wino, ambao zamani hukuhifadhi kitu bila huo, wakawaachia wanaochagua kiwango kigumu kabisa. Hapo nilivua kofia.

Menyu mbovu na vitufe vya ajabu rekebisha bila huruma. Kuna watakaovililia (hawakosekani), basi wawekee mpangilio wa zamani kama chaguo. Shadow of the Colossus, gemu nyingine ya zamani iliyotengenezwa upya, ilifanya hivyo katika toleo la 2018.

Ninachokuonya ni mruko wa mhusika. Urefu wake na muda wa kukaa hewani vipime kwenye gemu ya zamani, fremu kwa fremu (picha moja moja), kabla hujaandika msimbo. Picha mpya wakongwe watazizoea, lakini vidole vyao vinakumbuka.